Simu yako na urithi wa Ufipa: namna ya kurekodi, kutunza na kusambaza

Msikilizaji wetu, miaka michache iliyopita mtangazaji wetu mmoja alikaa saa nzima na mzee wa huku Ufipa, akisimuliwa jinsi babu zake walivyokuwa wakiyeyusha chuma. Dakika tano za mazungumzo hayo zilirushwa hewani. Zilizobaki zote zilikaa kwenye simu ya mtangazaji. Simu ikaibwa stendi. Tuliporudi kijijini kumwomba mzee atusimulie upya, tulikuta ameshazikwa.

Hatuna wa kumlaumu ila sisi wenyewe. Tulidhani kwamba tukisharekodi tumeshahifadhi. Kumbe kurekodi ni hatua ya kwanza tu. Rekodi isiyo na nakala, isiyo na maelezo na isiyojulikana ilipo inaweza kupotea haraka kuliko hata kumbukumbu ya mzee mwenyewe.

Katika makala hii tunaeleza urithi uliopo kwenye nyanda zetu, nani waliurekodi kabla yetu, na wewe mwenye simu mkononi unaweza kufanya nini ili usipotee. Tunaeleza pia mambo ambayo hayafai kuwekwa mtandaoni.

Urithi tunaouzungumzia

Tukitaja urithi wa utamaduni, wengi hufikiria ngoma za sherehe za kitaifa na ngozi za chui. Urithi ni zaidi ya hapo. Ni ujuzi, lugha, masimulizi, vyakula, mahali na vitu ambavyo watu wamerithishana.

Chukua mfano wa chuma. Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu. Moja ni ilungu. Ilungu lilimpita mtu kwa urefu, na mengine yalifikia mita tatu au zaidi. Lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na uchafu, kwa hiyo kiliyeyushwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo lilitumia mivukuto. Baada ya hapo mhunzi alifua majembe, shoka na mikuki. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalipojaa sokoni wakati wa ukoloni, kazi hiyo ilififia, na kufikia katikati ya karne ya 20 ilikuwa imekoma. Baadhi ya malungu bado yamesimama porini, hasa upande wa Nkasi, yakinyeshewa mvua mwaka hadi mwaka.

Mfano wa pili ni kilimo cha intumba. Mkulima hukata majani na kuyafunika kwa udongo katika matuta ya duara. Majani yanaoza ndani na kuwa mbolea, na ardhi inapata nguvu ya kuzaa ulezi, maharage na mahindi. Huu ni utaalamu wa udongo uliokuwepo kabla ya mbolea ya mfuko, na bado kuna wakulima wanaoujua vizuri.

Mfano wa tatu ni historia ya utawala. Wazee husimulia habari za Milansi, kiti cha zamani cha utawala wa Ufipa, na jinsi wanawake wageni walivyofika na kuchukua madaraka wakati mtawala hayupo. Kutokana na ukoo huo wa Watwa zilitokea dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la wilaya ya Nkasi ni kumbukumbu ya dola hiyo ya kwanza.

Hata jina Sumbawanga ni urithi. Kwa maelezo yanayosimuliwa zaidi, linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kutupa uchawi. Jina la kila kijito, kilima na mtaa lina kisa chake, na mara nyingi kisa hicho kinajulikana na watu wawili watatu tu.

Mkoa wa Rukwa hauna Wafipa peke yao. Wamambwe na Walungu wa upande wa Kalambo, na watu wa bonde la Ziwa Rukwa na mwambao wa Ziwa Tanganyika, wana urithi wao pia. Tunayoeleza hapa yanawahusu wote.

Waliorekodi kabla yetu

Si kwamba Ufipa haijawahi kuandikwa. Mapadri wa Shirika la White Fathers waliandika mapema. Mwaka 1913 kilitoka kitabu cha Askofu Lechaptois kuhusu watu wa pande za Ziwa Tanganyika, na mwaka 1914 Padri Wyckaert alichapisha maelezo marefu kuhusu wahunzi wa huku. Yote mawili yako kwa Kifaransa.

Roy Willis, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Uingereza, aliishi Ufipa kati ya mwaka 1962 na 1964, akarudi mwaka 1966. Alikusanya hadithi na masimulizi kutoka vinywani mwa Wafipa, na mwaka 1978 yakachapishwa Oxford yakiwa yametafsiriwa kwa Kiingereza. Mwaka 1981 alitoa kitabu kingine kuhusu historia ya dola za Ufipa. Randi Barndon wa Norway alichunguza uyeyushaji wa chuma wa Wafipa na Wapangwa. Mtanzania mwenzetu, Profesa Bertram Mapunda, aliyefundisha akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitafiti mabaki ya malungu na kuhoji wazee, na mwaka 2010 kitabu chake kuhusu uhunzi wa Wafipa kilichapishwa Kampala.

Kazi hizi ni hazina, lakini ziko kwa Kiingereza na Kifaransa, kwenye maktaba za mbali, kwa bei ambayo mkulima wa kawaida haimudu. Mjukuu wa mtu aliyesimulia hadithi mwaka 1963 anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua kwamba maneno ya babu yake yamo kitabuni.

Hapa ndipo teknolojia ya kidijitali inapoleta tofauti, kwa sababu nakala inaweza kurudi nyumbani. Mfano mmoja uko kwa majirani zetu wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alirekodi nyimbo za Wakipsigis. Rekodi hizo zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, huko Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 60 baadaye, zikiwa zimeshageuzwa kuwa za kidijitali, nakala zilipelekwa vijijini, zikasikilizwa na familia za waimbaji na hata na baadhi ya waliokuwepo siku ya kurekodiwa.

Jambo la kujifunza ni kwamba nyimbo hizo ziliweza kurudi kwa sababu mahali ziliporekodiwa, kabila na waimbaji viliandikwa tangu siku ya kwanza. Bila maelezo hayo, nani angejua azirudishe wapi?

Namna ya kurekodi sauti

Huhitaji mashine ya studio. Simu janja ya kawaida inatosha ukizingatia haya:

Tafuta mahali patulivu, mbali na mashine ya kusaga, redio na upepo. Upepo wa huku kwetu unaharibu rekodi nyingi. Ndani ya nyumba yenye mapazia au nguo zilizotundikwa, sauti hutoka vizuri kuliko chini ya bati tupu.

Weka simu karibu na msemaji, kama sentimita 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Usiishike mkononi.

Izime mitandao yote kwa kuweka hali ya ndegeni, ili simu isiite katikati ya hadithi. Hakikisha ina chaji na nafasi ya kutosha.

Kama programu ya kurekodi inakuruhusu kuchagua aina ya faili, WAV ndiyo bora kwa kuhifadhi, lakini ni nzito: saa moja inaweza kuchukua MB 300 hadi 600. Faili za M4A au MP3 ni nyepesi, kama MB 60 kwa saa. Nafasi ikiwa ndogo, tumia nyepesi. Rekodi nyepesi iliyopo inashinda rekodi bora ambayo haikufanyika.

Anza kwa sauti yako mwenyewe. Taja tarehe, kijiji, wilaya, jina la msemaji kama ameruhusu, lugha mtakayotumia na mada. Maelezo hayo yakiwa ndani ya sauti yenyewe, hata mtu akibadilisha jina la faili hayatapotea.

Mwache mzee aongee Kifipa kama ndicho anachokimudu zaidi. Kwa mujibu wa kanuni za utangazaji nchini, lugha za kawaida za redio ni Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo Kifipa hukisikii mara nyingi hewani. Simu yako haina mpaka huo. Kuna maneno ya uhunzi, ya ulezi na ya ukoo ambayo Kiswahili hakina. Tafsiri itafuata baadaye. Neno la asili likishapotea halirudi.

Mwisho, omba kuonyeshwa. Ukimwambia bibi, "Tueleze kuhusu pombe ya ulezi," atakupa sentensi tatu. Ukikaa naye siku anapoiandaa na kumuuliza kila hatua, atakupa saa mbili.

Picha na video

Kwa video, ilaze simu, usiisimamishe, na iegemeze kwenye kitu kisichotikisika. Piga mikono ikifanya kazi, usipige uso peke yake. Mfinyanzi anafundisha kwa vidole.

Kwa vitu kama ilungu, jiwe la kale au nyumba ya zamani, kuna mbinu rahisi inayotumiwa na wataalamu. Zunguka kitu hicho ukipiga picha kila baada ya hatua moja, na kila picha ichukue sehemu kubwa ya ile iliyotangulia. Zunguka mara ya pili ukiwa umeinua simu juu. Picha 50 au 100 za namna hiyo zinaweza kuunganishwa na programu ya kompyuta zikawa umbo kamili, ambalo mtu analigeuza kwenye skrini na kuliona kila upande. Weka kando ya kitu hicho fimbo au rula unayojua urefu wake, ili vipimo vipatikane.

Kazi ya namna hii kwa kiwango kikubwa ilifanyika Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu kwa mashine za leza. Ilungu la porini halijapata bahati hiyo. Picha zako za leo zinaweza kuwa ndizo zitakazobaki mvua ikiliangusha.

Usipande juu ya tanuri, usichimbe pembeni, usiokote vipande vya udongo wala mavi ya chuma. Kwa mtafiti, mahali kitu kilipolala ni nusu ya habari yake.

Kutunza: nakala tatu

Wataalamu wa kumbukumbu wana kanuni fupi: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ikae mahali pengine. Kwa mazingira yetu inaweza kuwa hivi: nakala ya kwanza kwenye simu, ya pili kwenye memori kadi au flashi inayowekwa nyumbani kwa ndugu, ya tatu kwenye kompyuta ya shule au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Akaunti ya Google, kwa mfano, inatoa GB 15 bila malipo. Lakini kumbuka kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa, kwa hiyo ifungue mara kwa mara, na nywila ijulikane na mtu zaidi ya mmoja.

WhatsApp si ghala. Picha na video zikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Ukitaka zifike kamili, zitume kama faili la hati. Na ukiweka kitu kwenye status, baada ya saa 24 kimeondoka.

Ipe kila faili jina linaloeleweka, mfano: 2025-07-14-Kirando-nyimbo-za-uvuvi-01. Kisha uwe na daftari la kawaida la karatasi. Kila rekodi ipate mstari wake: jina la faili, siku, kijiji, msemaji, mada, ruhusa aliyotoa, na nakala zilipo. Daftari halihitaji chaji.

Kila mwaka, labda baada ya mavuno, fungua faili zote uone kama bado zinafunguka. Memori kadi hufa bila kuaga.

Ruhusa na siri

Mzee akikukubalia kuongea nawe, hajakukubalia kumweka Facebook. Ni mambo mawili tofauti. Muulize mambo matatu, na majibu yake yasikike ndani ya rekodi: Je, naruhusiwa kurekodi? Je, familia na kijiji waruhusiwe kusikiliza? Je, watu wote mtandaoni waruhusiwe? Anaweza kukubali la kwanza na la pili na kukataa la tatu. Heshimu jibu lake. Mweleze pia wazi kwamba kitu kikishasambaa mtandaoni, kukirudisha ni vigumu sana.

Heshima hii ina nguvu ya sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zisitumiwe kibiashara, nje ya mazingira ya desturi, bila kibali.

Kuna mambo ambayo wenyewe hawapendi yatoke. Kazi ya ilungu ilikuwa na dawa na miiko. Tanuri lilichukuliwa kama bibi harusi, na wayeyushaji walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Sehemu ya ujuzi huo ilikuwa ya mafundi wakuu peke yao. Ukikutana na familia inayosema, "Hili ni la ukoo," basi ni la ukoo. Unaweza kuwasaidia kulirekodi kwa ajili yao na kuwaachia nakala pekee. Hapo pia umehifadhi.

Jambo jingine la kuficha ni mahali. Usiweke mtandaoni ramani au alama za GPS za malungu, makaburi ya watawala na mahali pa matambiko. Sote tunajua fununu za mali iliyofukiwa na Wajerumani, zinazowafanya watu wachimbe usiku na kubomoa vitu vya kale. Kasanga iliwahi kuwa ngome ya Wajerumani kwa jina la Bismarckburg, kwa hiyo fununu hizo si ngeni mkoani kwetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mabaki ya kale bila kibali. Ukiona mahali panabomolewa, toa taarifa kwa serikali ya kijiji na kwa afisa utamaduni wa halmashauri.

Kusambaza ili watu wajue

Yale yaliyoruhusiwa yatangazwe. Angalia Maporomoko ya Kalambo. Maji yanaanguka zaidi ya mita 220 kwenye mpaka wetu na Zambia. Jirani na hapo, upande wa Zambia, wanasayansi walitangaza mwaka 2023 kwamba magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na watu yana umri wa takriban miaka 476,000. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Mgeni anayeisoma akitaka kuja kupitia Sumbawanga na Matai, anahitaji kupata picha nzuri na maelezo sahihi ya upande wetu: barabara, msimu mzuri wa kufika, na masimulizi ya wenyeji.

Njia za kusambaza ni nyingi. YouTube na Facebook hufikia watu wengi haraka. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inapokea makala kutoka kwa mtu yeyote, ila kila unachoandika kitokane na kitabu au chanzo kinachoweza kuthibitishwa. Picha na sauti huwekwa kwenye Wikimedia Commons. Lakini elewa masharti yake: ukiweka kitu huko, umeruhusu watu wote wakitumie, hata kwa biashara, na ruhusa hiyo haifutiki. Usiweke wimbo wa mtu bila mwenyewe kulielewa hilo.

Usisahau wasikilizaji wa karibu. Flashi yenye hadithi 20 za Kifipa, ikipelekwa shule ya msingi ya kijiji, inaweza kuwa na faida kuliko video iliyotazamwa na wageni elfu. Na nakala ya kwanza kabisa impelekee aliyesimulia.

Kama huna simu janja

Simu ndogo ya vitufe nyingi zina kinasa sauti na sehemu ya memori kadi. Jaribu yako. Kama haina, kazi ya daftari ni yako: andika majina ya vilima na maana zake, orodha ya watawala kama babu anavyoikumbuka, aina za mbegu za ulezi na majina yake. Kijana mwenye simu atapiga picha kurasa hizo. Kazi hii hufanyika vizuri zaidi kwa watu watatu: mmoja anayejua kuuliza, mmoja mwenye simu, na mmoja mwenye mwandiko mzuri.

Anzia nyumbani

Usisubiri mradi wala mfadhili. Jumapili hii, baada ya chakula, mwombe bibi au babu akutajie majina ya wazazi wake, ya babu na bibi zake, na mahali walikotoka kabla ya kufika kijiji mnachoishi. Dakika 20 zinatosha. Kabla ya kulala, weka nakala ya pili mahali pengine na uandike mstari mmoja kwenye daftari.

Sisi tulichelewa na nakala ya pili, na sauti ya mzee wetu imekwenda naye. Siku hizi mtangazaji wetu akirudi kutoka kijijini, kabla hajanawa vumbi, anakaa kwenye kompyuta na kutoa nakala.